Mlango Unaofungwa kwa Ndani

Sehemu ya Saba

Mliniacha nimesimama mbele ya meza ya pasi, shati la mwanamume mkononi. Kama mlidhani wiki nzima imenipa nafasi ya kukaa chini na kupumua, mmekosea. Bado nimesimama palepale.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nisikilize haraka haraka, maana sina muda. Niliolewa na mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mpole. Hakuwahi kunipiga. Hakuwahi kunitukana. Kila asubuhi alimaliza chai yake, akashukuru, akaniaga vizuri, akatoka, akafunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Jioni alirudi akafungua. Majirani walikuwa wakiniambia kupitia dirishani kwamba nina bahati.

Siku moja aliugua ghafla kazini, akalazwa. Akamtuma mwenzake aje nyumbani kumchukulia nguo za kubadilisha, na hapo ikambidi amkabidhi ufunguo. Yule bwana aliingia chumbani kutafuta nguo. Alipotoka na mfuko wake, mimi na binti yangu hatukuwemo tena ndani ya nyumba ile.

Tulipanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka. Ndivyo tulivyofika mji huu, na ndivyo nilivyopata kazi ya kupiga pasi kwa dobi. Na ndivyo ilivyokuwa kwamba wiki iliyopita, katikati ya fungu la nguo za wateja, nilivuta shati jeupe lenye mistari myembamba ya bluu, nikalitandaza mezani, nikaona vifungo vyake vyote nimevishona mimi, zamani, kule tulikotoka.

Msiniulize nilijuaje. Mkono wangu naujua.

Mimi kifungo nakiachia shingo kidogo ya nyuzi kati yake na kitambaa, nauzungusha uzi shingoni, halafu fundo la mwisho nalifunga kwa juu, ubavuni mwa kifungo, si nyuma ya kitambaa kama wanavyofanya watu wazima wenye akili zao. Marehemu mama alinigombeza sana juu ya fundo hilo. Alisema ni fundo la mtoto mkaidi. Sikuliacha.

"Wewe! Pasi inaunguza!"

Alikuwa Bosi, mwenye duka. Mtu mnene, mwema, mdomo wake haujui likizo. Niliinua pasi. Kitambaa cha meza kilikuwa kimeshapata alama ya kahawia.

"Bosi, shati hili ameleta nani?"

"Lipi? Aa, hilo! Mgeni. Mtu mstaarabu mpaka nikaona aibu na kandambili zangu. Ameingia hapa amesalimia kila mtu, kidogo asalimie na mashine."

"Anafananaje?"

"Anafanana na mtu aliyelala vizuri. Kwani vipi?"

"Amesema nini?"

"Amesema shati lake lipigwe pasi na yule mama wa vifungo. Hataki mwingine." Bosi akatabasamu meno yote nje. "Unaona? Sifa zako zinasafiri."

Nilihisi jasho linashuka mgongoni, na si la mvuke.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, hata kama roho inanitoka. Nilipoanza kazi pale, nilikuwa mtu wa kushtuka. Simu ikilia nashtuka, mlango ukigongwa nashtuka. Mji wenyewe ulinitisha. Kuvuka barabara ilikuwa ni mtihani. Nilikuwa nasubiri mpaka apite mzee yeyote niambatane naye, kana kwamba ni baba yangu. Kelele hazikuisha. Watu walinipita bila salamu, nikadhani wamenichukia, kumbe walikuwa wanawahi tu.

Mikono yangu ndiyo iliyozoea kwanza. Nikiona shati la mteja lina kifungo kinachoning'inia, nilikishona. Hakuna aliyenituma. Baadaye wateja wakaanza kuuliza nani ameshona, baadaye wakaanza kunipungia mkono barabarani. Mama Vifungo! Mama Vifungo, habari ya leo! Mimi, niliyeishi miaka yote ile bila mtu wa kunijulia hali isipokuwa kupitia nondo za dirisha.

Nikawa nashona hata vilivyokuwa bado vizima. Nawaungamia, ndugu zangu, niliupenda mji huu kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mzima yeyote, na sikuwa na njia nyingine ya kuuambia.

"Bosi," nikasema, "huyo mgeni amejuaje kwamba kuna mama wa vifungo?"

"Si ndiyo utamu wenyewe! Amekuja huku kikazi. Ofisi iliyompokea ndiyo ya yule mteja wetu, karani mrefu. Jana wamekaa kwenye mkutano, mgeni akawa anamtazama karani kifuani. Anamtazama, anamtazama, mpaka karani akadhani amechafuka. Mwishowe akaomba akishike kifungo. Akakigeuza. Akamuuliza, nani amekushonea hiki? Leo asubuhi karani kamleta mwenyewe mpaka hapo mlangoni."

Kwa hiyo ni mimi. Sikuonekana na mtu, sikutajwa na ndugu, sikusalitiwa na adui. Nilikuwa nimeutapakaza mkono wangu mji mzima, nikamsubiri aje ausome.

"Halafu," Bosi akaendelea, "kifungo cha juu kimetoka. Amesema umrudishie kilichopotea."

"Amesema hivyo? Maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Mrudishie kilichopotea. Nikasema kwa huyu mama, hata kama ni koti la mfalme, atakirudisha."

Niliishika kola. Mahali pa kifungo cha juu palikuwa wazi. Kifungo kikianguka chenyewe, nyuzi hubaki zimechakaa, zimekuwa kama manyoya. Hizi zilikuwa zimekatwa sawasawa. Mtu alichukua mkasi akakikata, akakiweka mahali, akaniletea shati.

"Bosi, umemwambia nini kuhusu mimi?"

"Sifa tu."

"Sifa gani?"

Hapo tabasamu likaanza kumpungua. "Kwamba wewe ni mtu wa watu. Kwamba una binti mwenye maneno kuliko mimi. Kwamba mnakaa pale kwa Shangazi, geti la bluu, na kwamba mtoto akitoka shule anapitia hapa. Ameuliza kwa upole tu. Mtu mwenyewe amenikumbusha marehemu kaka yangu..."

Sikusikia habari za marehemu kaka yake. Nilikuwa natazama kigoda kilichoko chini ya makoti yaliyoning'inizwa. Hapo ndipo binti yangu anapokaa kila siku baada ya shule, akimsimulia Bosi mambo ya darasani mpaka Bosi anaomba msamaha. Jina lake pale kazini ni Chiriku. Hajui kunyamaza. Hata usingizini anaongea.

Kigoda kilikuwa kitupu.

"Chiriku yuko wapi?"

Bosi akatazama kigoda, akatazama saa ukutani, akanitazama mimi. "Na mimi nilikuwa nashangaa," akasema. "Wenzake wameshapita."

Nilichomoa waya wa pasi ukutani na kutoka nilivyo, aproni kiunoni, sindano imechomekwa kifuani. Nilimsikia nyuma yangu akiita, "Mama Vifungo! Nimekosea nini? Niambie nimekosea nini!"

Nilikimbia. Nikiwa nakimbia nikampigia simu Shangazi, mwenye nyumba wetu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Shangazi simu yake anaiweka kabatini, ndani ya soksi, isipate vumbi. Kumpata kwa simu ni bahati ya mtende.

Jamani, njia ile. Mwanzoni nilikuwa naipita nimeinamisha kichwa, nahesabu mifuniko ya maji taka nisipotee. Siku moja mwanamke mgeni, mwenye mzigo, alinisimamisha akaniuliza stendi iko wapi. Nikamwelekeza. Shika hii, kata pale penye duka la miwani, usiende kule kuna mbwa. Alipoondoka nikabaki nimesimama kama niliyepigwa na kitu. Nilikuwa nimemwelekeza mtu! Nikacheka peke yangu barabarani, na wapita njia wakanipisha.

Leo njia ileile ilikuwa imejaa migongo ya wanaume. Kila mgongo ulikuwa wake. Kila shati jeupe lilinisimamisha moyo, na mji huu, msinicheke, una mashati meupe mengi mno. Mengine nimeyapiga pasi mwenyewe.

Kwenye kona yuko fundi viatu, rafiki yetu. Ananiita shemeji kwa utani, na mwanawe eti ndiye mchumba wa Chiriku.

"Shemeji! Mbio za nini, umeachiwa urithi?"

"Umemuona Chiriku?"

"Nimemuona. Amepita hapa sasa hivi ameshikwa mkono na bwana mmoja msafi, viatu vyake vinang'aa mpaka nikakosa cha kumwambia. Nikamwita, Chiriku, mchumba wako anakusalimu!"

"Akasemaje?"

Fundi viatu akashusha nyundo yake. "Hilo ndilo nililoshangaa. Hakusema kitu. Ameniitikia kwa kichwa. Nikajua jino linamuuma."

Mtoto yule nusura azungumze siku ya kuzaliwa kwake. Mahali pekee alipokuwa akinyamaza ni kule tulikotoka, kuanzia jioni ufunguo uliposikika mlangoni mpaka asubuhi uliposikika tena.

"Wameelekea wapi?"

"Kwenu. Shemeji, kuna nini? Yule si ndugu yenu?"

Nilikuwa nimeshampita.

Geti la bluu lilikuwa wazi. Uani Shangazi alikuwa anaanika mashuka, vibanio mdomoni. Tunamwita Shangazi ingawa si shangazi wa mtu pale. Mama mrefu, mkali kwa maneno, ambaye nikiugua hukaa mlangoni kwangu kunisema mpaka nipone. Aliponiona akatoa vibanio, akaangua kicheko.

"Haya, mficha siri! Umejua tu mwenyewe, au umenusa?"

"Shangazi, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko ndani na baba yake! Mtu amesafiri mbali, anataka kukushtukiza kwa furaha. Ameniletea hata zawadi ya kanga. Nikawafungulia, nikampa ufunguo apumzike. Mbona umesawajika hivyo?"

Ufunguo.

Nyumba ile ina desturi yake. Kila mpangaji ana funguo mbili. Mmoja anakaa nao, wa pili unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa Shangazi. Ukipoteza wako, ukisahau jiko linawaka, mtoto akifika mapema, yuko Shangazi. Wapangaji wote wamefanya hivyo tangu zamani. Mimi nilikataa. Nilipohamia nilizishika funguo zangu zote mbili, na kabati nikalisukuma nyuma ya mlango. Nilikuwa nafunga kutoka ndani, nafungua, nafunga tena, kwa raha ya kusikia kitasa kinanitii.

Shangazi hakunilazimisha. Alikuwa akipita tu na kusema, "Msumari wako mtupu, unaota kutu."

Msimu wa mvua ulipoisha, nilikwenda mwenyewe nikautundika ufunguo wangu wa pili pale. Hakusema kitu. Alinitengenezea chai. Nilirudi chumbani nikalia, kwa sababu nilijua kwamba sasa nimekuwa mtu wa pale.

Nilipita ukumbini mbio. Chumba chetu ni cha mwisho kulia. Nilishika kitasa. Kimefungwa. Nikauvuta ufunguo wangu unaokaa shingoni kwenye kamba, nikauingiza tunduni. Ukaingia nusu ukakwama. Nikausukuma. Ukakataa.

Upande wa pili wa tundu kulikuwa na ufunguo mwingine.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani. Ya chini, ya taratibu, sauti ya mtu anayekaribisha wageni.

Chumba changu mwenyewe, na mimi ninaulizwa nani.

"Chiriku," nikasema. "Mwanangu, uko salama?"

"Yuko salama," Mpole akajibu. "Amekaa hapa karibu yangu. Amekua. Umemlea vizuri, nakushukuru. Pumua kwanza, nasikia unahema."

"Fungua."

"Nitafungua. Mimi nimewahi kukataa kufungua? Kila jioni nilifungua." Akakohoa kidogo. "Sema tu kwamba tunarudi nyumbani wote watatu. Sema ndiyo, basi, nafungua. Sina ugomvi na wewe. Watu wamenicheka sana, lakini nimekusamehe."

Nitawaambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Mdomo wangu ulishaanza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Miaka yote nilimjibu yule mtu kwa kunong'ona, na hata siku ile, baada ya yote, sauti yangu ilijipunguza yenyewe nilipomsikia. Niliogopa sauti yake, naam, lakini niliogopa zaidi jinsi mwili wangu ulivyokuwa tayari kumtii.

Kilichoniokoa ni redio. Fundi redio wa chumba cha kwanza, anayefanyia kazi nyumbani, alikuwa anajaribu moja. Ikalipuka kwa makelele, ikanyamaza. Zile kuta ni nyembamba. Wiki za kwanza nilizilaani kuta zile, maana nilimsikia kila mtu akipiga chafya.

Kama ninawasikia, na wao watanisikia.

Nilipiga kelele. Sikujua kama nina sauti ya namna ile. Nilipiga ngumi mlango, nikamwita Shangazi, nikamwita fundi, nikawaita majirani wote kwa vyeo vyao. Muuguzi wa chumba cha jirani, anayelala mchana kwa sababu ya zamu, ambaye mimi humpitia kwa kunyata nisimwamshe, alitoka na kitambaa kichwani macho mekundu. Fundi redio akaja na bisibisi mkononi. Shangazi akafika na shuka begani.

"Amemfungia mwanangu!" nikasema. "Mnisaidie, amemfungia mwanangu!"

Hapo kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka.

Mpole akasimama mlangoni, ametulia, amevaa shati safi la kaki lenye mifuko miwili. Chiriku alikuwa nyuma yake, na sare za shule, begi mgongoni bado. Mkono wa baba yake ulikuwa begani kwake. Aliponitazama, midomo yake haikusogea.

"Shikamoo mama," Mpole akamwambia Shangazi kwa unyenyekevu. "Poleni na usumbufu, ndugu zangu. Ni mambo ya familia. Mke wangu hakuwa mzima. Mawazo yalimzidi, akaondoka nyumbani na mtoto, sisi tukabaki tunatafuta mahospitali yote. Namshukuru Mungu amekutana na watu wema."

Nikaona maneno yale yakiwaingia. Ndugu msomaji, nimeogopa mambo mengi katika hadithi hii, lakini hili ndilo lililonitisha kuliko yote. Fundi redio akaishusha bisibisi yake. Muuguzi akaanza kunikagua kuanzia miguuni, aproni, sindano kifuani, nywele zilizosimama, kwa macho yaleyale anayokwenda nayo kazini.

Shangazi akanigeukia taratibu. "Mwanangu," akasema, "muda wote huo, mbona hukuniambia una mume?"

Mji wangu wote ulikuwa umesimama kwenye ukumbi ule, na nilikuwa nauona unaondoka. Ningesema nini? Kwamba hakunipiga? Kwamba alishukuru kwa chai? Ukimweleza mtu kwamba ulifungiwa mlango na mume mwenye sauti nzuri, anakuuliza, sasa ulikosa nini ndani?

Kisha nikaangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa umekunjwa ngumi. Najua alichoshika.

Na mtu wangu namjua.

"Shangazi," nikasema, na safari hii sikunong'ona wala sikupiga kelele, "sibishani naye. Muombe tu akurudishie ufunguo wako."

"Eh?"

"Ule uliompa. Ni wako, wa msumarini. Muombe."

Shangazi akashangaa, lakini akanyoosha kiganja. "Haya baba, nipe basi ufunguo, nikautundike. Mkishamaliza maongezi yenu mwenyewe anao wake."

Mpole akatabasamu. "Nitaurudisha tukiondoka, mama."

"Niupe sasa, baba. Hauondoki pale kwa kawaida."

"Utaupata."

"Kijana, ni wangu."

Wote tuliuona mkono ule. Uliinuka polepole mpaka kifuani, ukautumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa shati, na vidole vikafunga kifungo cha mfuko. Kisha kiganja kikapumzika juu yake. Alikuwa bado anatabasamu, ila macho yalikuwa yameshabadilika, nami macho hayo nilikuwa nayaona kila asubuhi.

"Mimi," akasema, "kwenye nyumba iliyo na watu wangu, ufunguo nakaa nao mwenyewe."

Muuguzi akaacha kunikagua, akageuka kumtazama yeye. Shangazi alikuwa bado amenyoosha kiganja, na uso wake ulianza kukaza, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Chiriku," Shangazi akasema bila kumwondolea macho yule mwanamume, "njoo kwa bibi."

Chiriku akapiga hatua moja. Mkono wa begani ukamrudisha.

"Mwachie mtoto," fundi redio akasema, akasogea.

Mpole akamvuta mtoto ndani, na sijui kama ningekuwa mwepesi zaidi ningewahi. Nilirusha mikono yangu yote miwili nikashika kitambaa, nikasikia kinachanika, kisha mlango ukanipiga begani ukafungwa. Komeo la ndani likagonga, lile ambalo ufunguo wangu hauliwezi. Nikabaki nimeshika mfuko wa begi la shule na penseli mbili.

Fundi akaupiga mlango kwa bega. Mbao zile ni za zamani, nzito. Shangazi hujisifia nazo kwa wapangaji wapya. Muuguzi alishaitoa simu yake, alikuwa anawapigia polisi na kuwatajia mtaa. Shangazi alikuwa anapiga kofi mlango wake mwenyewe na kuita, "Fungua! Fungua, mshenzi wewe!" Nami nilikuwa naita jina la mwanangu, lile la kweli, ambalo gazetini sitalitaja.

Halafu tukasikia ndani meza ikiburutwa.

Meza ile inakaa chini ya dirisha la nyuma, linaloangalia uchochoroni. Dirisha halina nondo. Shangazi huahidi kuziweka kila mwaka. Tulipohamia lilikuwa limegoma, halifunguki, nami sikujali, maana nilitaka kila kitu kifungwe. Ni Chiriku aliyeligundua. Unaitia fremu kijiko kwa chini, unainyanyua kidogo, halafu unaipiga ngumi kwenye kona. Siku aliponionyesha, hewa iliingia na mji wote ukaingia nayo, honi, watoto, mtu anagombana na punda. Nilikaa pale dirishani nikisikiliza mpaka chai ikapoa. Nadhani ndiyo siku niliyoacha kuuogopa.

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya Chiriku, ya kwanza tangu nifike. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa kubwa, imenyooka, ile anayosomea darasani ili wa nyuma wasikie.

"Mama! Baba anauliza, dirisha la uchochoroni linafunguliwaje?"

Majirani wakanigeukia mimi, wakisubiri nijibu.

Lakini mwanangu hakuwa anauliza; alikuwa anatuelekeza uchochoroni. Jibu analo. Yeye ndiye aliyenifundisha.